Al-Battani, Mwanachuoni Aliyelipima Jua

Miongoni mwa mambo yanayotusikitisha, ndugu wasomaji, ni kuona jinsi neno falaki lilivyoshuka daraja katika miji yetu. Mtu wa pwani akiambiwa kwamba fulani ajua falaki, la kwanza limjialo moyoni ni mpiga ramli aliyekaa na kitabu chake, akitazama nyota ya bwana harusi na bibi harusi, au akimtafutia mtu mwizi wa kuku wake. Hivi ndivyo ilimu tukufu iliyotumikiwa na Waislamu kwa mamia ya miaka ilivyogeuzwa kuwa biashara ya kuwala wajinga. Kwa hivyo tumeona yafaa tuwaeleze habari za mtu mmoja aliyeijua falaki kwa maana yake ya haki, yaani ilimu ya kupima mwendo wa jua, mwezi na nyota kwa hisabu. Huyo ni Abu Abdallah Muhammad bin Jabir bin Sinan al-Battani.

Alizaliwa karibu na mwaka 858, katika nchi ya Harran, ambayo leo imo katika mipaka ya Uturuki. Harran ulikuwa mji wa ajabu. Wakati dini ya Kiislamu ilipokwisha kuenea Sham na Iraq yote, wenyeji wengi wa mji huo walibaki katika dini yao ya kale ya kuzitukuza sayari na nyota, na watu wakiwaita Masabii. Wazee wa al-Battani walikuwa katika hao, na ndiyo sababu jina lake huandikwa pia as-Sabi, ijapokuwa yeye mwenyewe alikuwa Mwislamu. Basi tazameni jinsi mambo yanavyogeuka: mababu waliziinamia nyota, na mjukuu akazisimamia kwa kipimo mkononi, akazihisabu kama vitu vilivyoumbwa na kuamrishwa. Kutoka mji huo huo wa Harran alitoka pia Thabit bin Qurra, bingwa wa hisabu aliyefariki mwaka 901, naye alibaki katika dini ya wazee wake, na Waislamu wa Baghdad wakamheshimu kwa ilimu yake.

Al-Battani alihama Harran akakaa Raqqa, mji ulio kando ya mto Furati katika nchi ya Sham. Mji huo haukuwa kijiji. Khalifa Harun al-Rashid aliufanya makao yake tangu mwaka 796 hata 808. Lakini alipofika al-Battani, fahari ya makhalifa ilikuwa imekwisha rudi Iraq. Hakuwa na khalifa wa kumjengea jumba la kutazamia nyota kama lile al-Mamun alilowajengea wanachuoni wake Baghdad. Alichokuwa nacho ni mbingu safi, mikono ya kuunda vyombo, na subira. Alianza kutazama katika mwaka 264 wa Hijra, yaani 877 au 878, akaendelea mpaka mwaka 306, yaani 918. Hiyo ni miaka 41 ya kazi moja. Wangapi katika sisi walioanza jambo jema wakalishika hata miaka mitano?

Na tuangalie sasa alilipima jua kwa nini, maana wakati huo hapakuwa na darubini, nayo ilikuja baada yake kwa miaka mia saba. Chombo cha kwanza ni kile anachokijua kila mwadhini wa zamani, yaani kijiti kilichosimamishwa wima na kivuli chake. Alikuwa na saa za jua. Na robo kubwa ya duara iliyogawanywa kwa daraja na dakika, ya kupimia urefu wa jua linapofika katikati ya mbingu. Na pete zilizopachikana, moja ndani ya nyingine, mfano wa anga. Na fito ndefu zilizounganishwa za kupimia pembe. Kila chombo alikitaka kiwe kikubwa na kimetengenezwa kwa uangalifu, kwani kosa dogo la chombo huzaa kosa kubwa la hisabu.

Jambo la kwanza alilolitafuta ni kiasi jua linavyoteremka na kupanda kwa mwaka. Sisi tunaoishi karibu na mstari wa ikweta twaliona jambo hili wazi kuliko watu wa Raqqa. Mombasa, mwezi wa Juni, kivuli cha adhuhuri huanguka kusini, kwa sababu jua limekwenda kaskazini. Na mwezi wa Desemba kivuli huanguka kaskazini. Raqqa kivuli cha adhuhuri ni cha kaskazini mwaka mzima, ila kiangazi huwa kifupi na kipupwe huwa kirefu. Al-Battani alipima urefu wa jua katika adhuhuri ya siku ndefu kabisa na siku fupi kabisa, akatwaa tofauti, akaigawa kwa mbili, akapata daraja 23 na dakika 35. Ptolemy wa Iskandaria, ambaye kitabu chake kilikuwa ndicho tegemeo la wote, alikuwa amesema daraja 23 na dakika 51. Wanafalaki wa leo, wakirudisha hisabu nyuma mpaka zama za al-Battani, huona kwamba kipimo chake ndicho kilichokuwa sawa. Pembe hii hupungua polepole sana, na hivi sasa ni kiasi cha daraja 23 na dakika 26.

Jambo la pili ni urefu wa mwaka wa jua. Tarehe 19 Septemba mwaka 882, akiwa Raqqa, alishika wakati usiku na mchana ulipolingana. Akaufungamanisha na kipimo kama hicho alichokiandika Ptolemy katika mwaka 139, akahisabu siku zilizopita kati yake, akazigawa kwa miaka 743. Akapata kuwa mwaka ni siku 365, saa 5, dakika 46 na sekunde 24. Kipimo cha leo ni siku 365, saa 5, dakika 48 na sekunde 45. Basi alikosea kwa dakika 2 na kidogo tu, hali Ptolemy alikuwa amezidisha dakika 6 na zaidi. Na hata hizo dakika mbili za al-Battani, lawama si ya macho yake. Kipimo cha Ptolemy alichokitegemea kilikuwa kimechelewa kwa zaidi ya siku nzima, na kosa hilo lililogawanywa kwa miaka 743 ndilo lililoipunguza hisabu yake. Hapa pana funzo kubwa: mtu huweza kufanya kazi yake kwa uaminifu wote, kisha akaharibikiwa kwa kumwamini mtangulizi bila ya kumpima.

Lakini si kila mahali alimfuata mtangulizi. Ptolemy alikuwa amesema kwamba pahali pa mbingu ambapo jua huwa mbali nasi kabisa ni pamoja tu, hapaondoki milele, akapaweka katika daraja 65 na nusu. Al-Battani alipopima akapaona katika daraja 82 na dakika 17. Tofauti ya daraja zaidi ya 16 haiwezi kuwa mkono uliotetemeka. Basi ikabainika kwamba pahali hapo pana mwendo wake. Al-Battani, kama watu wote wa zama zake, aliamini kwamba jua ndilo linaloizunguka ardhi, na kwa hilo hakuwa amefikia tunayoyajua leo. Lakini vipimo vyake vilikuwa vya kweli, na kipimo cha kweli hubaki na faida hata rai iliyokizunguka ikianguka.

Kutokana na hayo alifikia jambo la tatu, nalo ndilo lililompa jina zaidi. Aliona kwamba jua halionekani kwa ukubwa mmoja mwaka mzima. Likiwa karibu huonekana kubwa kidogo, na likiwa mbali huonekana dogo, ijapokuwa jicho peke yake haliwezi kutambua. Ptolemy alikuwa amekataa hilo, na kwa sababu hiyo kitabu chake hakikuacha nafasi kwa mwezi kulifunika jua na kuacha pete ya nuru pembeni. Al-Battani akasema yawezekana: ikiwa jua li karibu na mwezi u mbali, mwezi hautatosha kulifunika lote, na duara ya moto itabaki imeuzunguka.

Ndugu zetu, haya si maneno ya vitabuni tu. Asubuhi ya tarehe 15 Januari 2010 sisi wa Oyugis, pamoja na watu wa Kampala na Nairobi, tulikuwa chini ya njia ya kupatwa kwa namna hiyo hiyo. Jua likawa pete. Mwanzo wa Januari ndio wakati jua linapokuwa karibu nasi kabisa, na mwezi siku zile ulikuwa mbali. Kwa hivyo pete ikawa pana, na katikati ya Bahari ya Hindi ilidumu zaidi ya dakika 11. Tena tarehe 1 Septemba 2016 pete nyengine ilionekana kusini ya Tanganyika ya zamani, upande wa Mbeya. Mtu wa Raqqa, kwa kijiti na pete za shaba, alikuwa ameeleza sababu yake zaidi ya miaka elfu moja kabla.

Yeye mwenyewe alishuhudia kupatwa kwa jua mara mbili tunazozijua tarehe zake: Raqqa mwezi wa Agosti mwaka 891, na Antakia tarehe 23 Januari 901. Kila mara aliandika saa, na kiasi cha jua kilichofunikwa. Lugha yetu yenyewe husema jua limepatwa, kana kwamba kuna kitu kilicholishika. Na wako hata leo wanaoogopa na kutafuta nani aliyefariki au nani atakayefariki. Nasi tunajua kwamba Mtume (S.A.W.) aliwakataza watu fikra hiyo siku aliyokufa mwanawe Ibrahim na jua likapatwa, akawafundisha kuwa halipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake, akawaamrisha kusali. Sala ya kupatwa na hisabu ya kupatwa hazigombani. Al-Battani alizikusanya zote mbili.

Katika hisabu pia aliacha athari. Wayunani walikuwa wakihisabu pembe kwa nyuzi za duara, kazi ndefu yenye kuchosha. Al-Battani alitumia nusu ya uzi, iliyotoka kwa wanachuoni wa Bara Hindi, akaistawisha. Na akaandika jedwali ya vivuli, daraja kwa daraja, ili mwenye kujua urefu wa kivuli apate kujua urefu wa jua. Mwanafunzi wa sekondari anapofundishwa hisabu za pembe tatu hii leo, anakanyaga njia iliyofyekwa na watu kama huyu.

Yote hayo aliyakusanya katika kitabu chake kikubwa, az-Zij as-Sabi, chenye milango 57 na jedwali zake. Ndani yake mna jinsi ya kujua nyakati, jinsi ya kutumia vyombo, mahali pa nyota, na njia nyepesi ya kukadiria Kibla kwa tofauti ya miji. Njia ambayo waliokuja nyuma yake waliitengeneza ikawa sahihi zaidi. Wala hatufichi kwamba aliandika pia sherehe ya kitabu cha Ptolemy cha kubashiri kwa nyota. Hiyo ilikuwa desturi ya zama zile, na wanachuoni wengi hawakusalimika nayo. Lakini ubashiri huo haukumfaa mtu yeyote, na vipimo vyake vya jua vinatumika mpaka leo. Mwenye akili na achague katika viwili hivyo kipi cha kurithi.

Sasa tuje kwenye mwisho wake, nao watuonyesha alikuwa mtu wa namna gani. Katika mwaka 317 wa Hijra, yaani 929, watu wa ukoo mmoja wa Raqqa, Banu Zayyat, walikuwa wamedhulumiwa, wakafunga safari ya Baghdad kwenda kudai haki yao. Al-Battani alikuwa amekwisha pita umri wa miaka 70. Angeweza kusema kwamba yeye ni mtu wa nyota, na mambo ya dhuluma na serikali hayamhusu. Hakusema hivyo. Alifuatana nao njia yote hata Baghdad kuwa pamoja nao mbele ya wakubwa. Alipokuwa akirejea, mauti yakamkuta njiani, pahali paitwapo Qasr al-Jiss, karibu na Samarra. Akazikwa mbali na mto wake na vyombo vyake. Mwanachuoni aliyetumia maisha yake kuangalia juu alifariki katika kazi ya kuwatetea watu wa chini. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Ilimu yake haikuzikwa naye. Al-Biruni aliandika kitabu juu ya zij hiyo. Katika karne ya 12 Plato wa Tivoli akaifasiri kwa Kilatini, na mfalme Alfonso wa Hispania akaamrisha ifasiriwe kwa Kihispania katika karne ya 13. Mwaka 1537 ikapigwa chapa Nuremberg. Copernicus, katika kitabu chake cha mwaka 1543 kilichoitoa ardhi katikati na kuliweka jua, alimtaja al-Battani mara nyingi na kuvitumia vipimo vyake. Mwaka 1749 Mwingereza Richard Dunthorne aliyarudia maandishi yake ya kupatwa ili kuchunguza mwendo wa mwezi. Wazungu walimwita Albategnius, na kwa jina hilo wamekiita kishimo kimoja kikubwa katika uso wa mwezi. Kisha Mtaliana Nallino, baina ya mwaka 1899 na 1907, akakitoa kitabu chote kwa Kiarabu na Kilatini kutokana na nuskha iliyohifadhiwa Escorial, Hispania. Yaani Mwislamu aliandika, na Mzungu akahifadhi, akachapa, akasoma. Hatusemi hayo kwa wivu. Twasema ili tujiulize: sisi tulikuwa wapi?

Na mtu asidhani kwamba hayo ni mambo ya Raqqa yasiyotuhusu. Hapa Oyugis, penye barabara ya kwenda Kisii na Kisumu, tuko Waislamu wachache, na wengi katika sisi asili yetu ni pwani. Jedwali za sala zinazotundikwa misikitini na majumbani mara nyingi hutoka pwani, na mwezi wa Ramadhani tumeona watu wakifungua kwa adhana ya redio itokayo huko. Sasa tuhisabu kama alivyohisabu al-Battani. Mombasa iko mashariki ya Oyugis kwa karibu daraja 5. Jua hukata daraja moja kwa dakika 4. Basi jua la Oyugis limechelewa kuliko la Mombasa kwa kiasi cha dakika 20, zikizidi au kupungua kidogo kwa majira ya mwaka. Mwenye kusali Adhuhuri hapa kwa jedwali ya Mombasa, mara tu wakati ulioandikwa unapofika, amesali kabla ya zawali. Na mwenye kufungua kwa adhana ya Mombasa amekula hali jua liko juu ya milima, analiona kwa macho yake! Amekaa na njaa mchana kutwa, kisha akaiharibu saumu yake kwa dakika ishirini za mwisho, kwa sababu ya kuiamini redio na kulikadhibisha jua.

Wala haitoshi kuongeza dakika 20 na kulala. Jua halifiki katikati ya mbingu kwa saa ile ile kila siku. Hapa Oyugis, mwanzo wa Novemba zawali huwa kiasi cha saa sita na dakika 25, na katikati ya Februari husogea mpaka karibu na saa saba kasoro dakika 5. Nusu saa nzima huingia baina yake. Kila mji wahitaji jedwali yake, iliyohisabiwa kwa mahali pake; na msikiti usio na jedwali usikose kijiti cha kivuli uani, kwani hicho hakina bei.

Kwa Kibla vile vile. Mtu wa Mombasa huelekea takriban kaskazini barabara. Akija huku, akaelekea vile vile, amekosea, kwa maana Makka imekuwa kaskazini ikielemea mashariki. Jua lenyewe hutusahihisha mara mbili kwa mwaka, linapopita juu ya Kaaba barabara: kiasi cha tarehe 28 Mei saa sita na dakika 18 mchana, na tarehe 16 Julai saa sita na dakika 27. Saa ya Makka na saa yetu ni moja. Simamisheni kijiti wakati huo, mtazame kivuli. Kinyume cha kivuli ndiko Kibla. Hapahitaji fedha wala fundi.

Basi hili ndilo ombi letu kwa ndugu wa Mombasa, Lamu, Tanga na Unguja, walimu wa madrasa na wazee wa misikiti. Wafundisheni vijana falaki ya al-Battani, si falaki ya mpiga ramli. Mtoto wa darasa la sita aweza kupima kivuli cha adhuhuri kila Ijumaa kwa mwaka mmoja na kuandika katika daftari. Akimaliza mwaka huo atakuwa ameona kwa macho yake jinsi jua linavyokwenda kwa hisabu isiyokosa, na itakuwa vigumu sana baada ya hapo kwa mtu yeyote kumwuzia nyota yake.